Kanuni za hiari katika mchezo wa vita vya Kisii, 1914

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Magwagwa kwa wiki tatu. Stima ikawa inapotea kila mvua ikinyesha, na laptopu nikawa naitumia saa mbili tatu tu kwa siku. Basi nikapata nafasi ya kumaliza kazi niliyokuwa nimeiahirisha kwa miaka miwili, yaani mchezo wangu wa vita wa ubaoni. Leo nataka kuwaeleza kuhusu kanuni zake za hiari. Moja kati ya hizo ilinikosanisha na babu yangu, na nimeona ni vizuri niandike jinsi ilivyokuwa.

Kwa wasioijua Magwagwa, iko kaskazini mwa kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya majani chai vinavyoshuka kuelekea mto Sondu. Ukienda upande mmoja unasikia Kikipsigis, ukienda mwingine unasikia Kijaluo, na siku ya soko pale Sondu unasikia Ekegusii, Kikipsigis, Kijaluo na Kiswahili vyote kwa pamoja. Nataja hili kwa sababu ramani ya mchezo wangu inaanzia ziwani na kupanda hadi Kisii, na sehemu hizo nimezipita kwa miguu na kwa matatu tangu utotoni.

Mchezo wenyewe ni wa aina gani?

Si mchezo wa kompyuta. Ni ramani iliyochorwa kwenye kadibodi na kugawanywa katika pembesita kama sega la nyuki. Juu yake kuna kete zinazowakilisha vikosi, na pembeni kuna dadu. Kila kete ina namba mbili, nguvu na mwendo. Ukishambulia unalinganisha nguvu zako na za adui. Ukipata uwiano wa 3 kwa 1, kwa mfano, unarusha dadu na kusoma jedwali la matokeo ya mapigano: adui amerudi nyuma, adui ameangamia, au umeumia mwenyewe. Mtu wa programu atacheka, maana mchezo mzima ni jedwali moja na kitanzi kinachozunguka zamu kwa zamu.

Michezo hii si mipya. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alilionyesha jeshi lake mchezo wa ramani na dadu, ambao msingi wake ulikuwa umewekwa na baba yake. Ulikuwa na mwamuzi aliyekaa katikati na kuwaambia wachezaji yale tu ambayo makamanda wao wangeweza kuyaona. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts akatoa mchezo wa kuuzwa madukani ulioitwa Tactics, baadaye akaanzisha kampuni ya Avalon Hill. Katika miaka ya 1960 pembesita zikawa jambo la kawaida.

Vitabu vya kanuni vya michezo hii mara nyingi vina sehemu tatu: kanuni za msingi, kanuni za juu, halafu mwishoni kabisa kanuni za hiari. Kanuni ya hiari ni ile ambayo wachezaji hukubaliana kabla ya kuanza kama wataitumia au wataiacha. Ni kama vile visanduku vya kuteua katika mipangilio ya programu yoyote. Na kama mnavyojua, watu wengi hawafungui mipangilio kamwe. Wanatumia walichopewa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kwa nini Kisii?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, huku kwetu kulikuwa karibu na mpaka wa Waingereza na Wajerumani. Septemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kuingia Kisii, mji ambao wazee wetu huuita Getembe au Bosongo. Tarehe 12 Septemba askari wa KAR, wale waliojulikana kama keya, wakakishambulia. Kamanda wao, Kapteni Thorne, aliuawa. Wajerumani, wakiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen, wakauacha mji na kurudi kuelekea mpakani. Vilikuwa vita vya siku moja, watu mamia machache kila upande. Kwa mchezo wa kwanza wa kujifunzia ni saizi nzuri kabisa.

Kete nilizitengeneza kwa vipande vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, vile ambavyo wachongaji huviacha. Mawe meupe yakawa keya, ya pinki yakawa Wajerumani. Mpinzani wangu alikuwa binamu yangu, mwanafunzi wa chuo, mtu asiyependa kushindwa hata katika drafti.

Kwa kanuni za msingi peke yake mchezo ulichosha upesi. Kila mmoja anaona kete zote, anapiga hesabu ya uwiano, anasogea. Hapo ndipo nilipoanza kuongeza kanuni za hiari moja baada ya nyingine, na kila moja nikaiandikia programu ndogo ya Python inayocheza mchezo maelfu ya mara ili nione kama inauharibu. Hizi hapa.

1. Ukungu. Kete hazionekani mpaka adui awe jirani. Kwa karatasi ni kazi ngumu, kwa hiyo simu yangu ndiyo ikawa mwamuzi, sawasawa na yule wa Reisswitz. Kila mchezaji anaingiza amri zake kwa siri, programu inasogeza kete, halafu inamwonyesha kila mmoja kile tu ambacho vikosi vyake vingeona. Nawashauri mwanze na kanuni hii. Inabadilisha mchezo kuliko nyingine zote na haihitaji namba mpya hata moja.

2. Habari huchelewa. Amri unayoitoa leo inamfikia kamanda wa mbali baada ya zamu mbili au tatu. Katika programu ni foleni tu: kila amri ina muda wake wa kufika, na kabla ya hapo haigusi chochote. Kama unadhani nimezidisha, kumbuka mwisho wa vita hivi. Mkataba wa kusitisha mapigano ulianza kazi Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, ambalo wakati huo lilikuwa katika nchi inayoitwa Zambia leo, liliingia Kasama tarehe 13, habari ndipo zikawafikia, na likasalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25. Sisi tunalalamika ukurasa ukichukua sekunde tano kufunguka!

3. Nyuki. Hii binamu yangu aliipenda sana. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India, wakapambana na watu kama 1,000 wa upande wa Wajerumani, wakashindwa vibaya. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yaliwavamia wapiganaji. Katika mchezo wangu, pigano lolote katika pembesita ya msitu linatanguliwa na dadu mbili. Zikitoa 12, pigano linavunjika na pande zote mbili zinakimbia. Nafasi hiyo ni 1 kati ya 36, ndogo sana ukiitazama hivyo. Lakini piga hesabu: mchezo wenye mapigano 25 ya msituni una uwezekano wa zaidi kidogo ya asilimia 50 wa kuwaona nyuki angalau mara moja. Hili ni somo zuri kwa yeyote anayesema kosa fulani la programu haliwezi kutokea.

Hadi hapo tulikuwa tunafurahi tu. Tulicheza jioni sebuleni kwa babu, yeye akiwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai. Babu yangu alikuwa karani wa kupima majani chai kwa miaka 32. Wakulima walileta majani kituoni, yeye akatundika kikapu kwenye mizani na kuandika kilo. Si mtu wa maneno mengi. Jioni ya tatu au ya nne akasogeza kiti karibu na ramani.

"Hawa weupe ni kina nani?"

"Ni keya, babu. Upande wa Waingereza."

"Na hawa?"

"Wajerumani na askari wao."

Akaipitia ramani yote kwa kidole, kutoka Kendu kupanda hadi Kisii. "Na Abagusii wako wapi? Getembe hapakuwa na mtu?"

Nikamwambia wenyeji nitawaweka baadaye, katika kanuni za hiari.

"Mtu kuwa kwao ni hiari?" akauliza, akarudi kwa chai yake.

Binamu yangu alicheka hadi akapaliwa. Lakini babu alikuwa na hoja, nami usiku huo nikaandika kanuni ya nne.

4. Wenyeji. Mwaka 1914 Abagusii hawakuwa watazamaji. Waingereza walikuwa wameleta jeshi huku mwaka 1905 na tena mwaka 1908, mwaka ambao Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki ofisa wao Northcote. Northcote akapona, na watu wetu wakalipa kwa damu na kwa ng'ombe. Kwa hiyo serikali ilipoondoka Kisii mwaka 1914, watu wengi waliona utawala umekwisha. Ofisi, maduka na misheni zikaporwa. Waingereza waliporudi wakatoza adhabu, na ng'ombe wakachukuliwa tena. Katika mchezo, mji usio na kikosi ndani yake unapoteza ghala lake kwa kurusha dadu, na kila pembesita yenye watu inaweza kumpa habari mchezaji mmoja na kumnyima mwingine, kutegemea alivyowatendea zamu zilizopita. Tulipoicheza kwa mara ya kwanza babu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba afadhali. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa najali sana anachofikiri.

Kufikia hapo nilijiona bingwa. Nikaamua kuupanua mchezo utoke Kisii na kufunika kampeni yote ya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Na kampeni hiyo huwezi kuicheza bila kujibu swali moja: chakula kinafikaje? Reli zilikuwa chache. Farasi, ng'ombe na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Mizigo ilibebwa na watu.

5. Wapagazi. Hesabu niliyoweka katika programu ni hii. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo 1 kwa siku. Anaenda, anatua mzigo, anarudi, na njia nzima anakula kutoka kwenye mzigo uleule. Kama jeshi liko umbali wa siku 5, anakula 5 akienda na 5 akirudi, anafikisha kilo 15. Kama liko siku 10, anafikisha kilo 5. Kama liko siku 12, anafikisha kilo 1 tu.

Sasa tuseme una askari 100, nao pia wanakula kilo moja moja, jumla kilo 100 kila siku. Unahitaji wapagazi wangapi njiani kwa wakati mmoja?

Umbali wa siku 5: wafike 7 kila siku, safari ni siku 10, jumla wapagazi 70.
Umbali wa siku 10: wafike 20 kila siku, safari ni siku 20, jumla 400.
Umbali wa siku 12: wafike 100 kila siku, safari ni siku 24, jumla 2,400.

Tazameni hiyo namba ya mwisho vizuri. Watu 2,400 kulisha watu 100, kwa sababu tu jeshi limesogea siku mbili mbele. Nilipoona jinsi mstari unavyopanda ghafla nilifurahi sana, kwa sababu ndiyo aina ya kanuni inayofanya mchezo uwe na akili: ghafla kila hatua mbele ina bei.

Kisha nikafanya tunachofanya sisi watu wa programu. Nikaiambia kompyuta imtafutie kamanda mpango bora, wapagazi wachache iwezekanavyo, nikairuhusu ibadilishe kila kigezo. Haikuchukua hata dakika. Ikakata posho ya mpagazi kutoka kilo 1 hadi nusu kilo, ambayo ndiyo namba ya chini kabisa niliyoiruhusu. Ukifanya hivyo, kwa umbali wa siku 12 mpagazi anakula kilo 12 badala ya 24, anafikisha 13, na unahitaji watu 8 kwa siku. Jumla: 192. Kutoka 2,400 hadi 192!

Nilimwita babu aone. Nilitaka karani wa mizani aone hesabu safi. Nikamsomea namba.

Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Hao 192 wanakula nini?"

"Nusu kilo ya unga."

"Siku ngapi?"

"Siku 24, babu."

"Wakibeba kilo ngapi?"

"Kilo 25 wakienda."

"Wewe umewahi kubeba kilo 25?"

Nikasema nimebeba. Si kweli sana. Nimebeba mtungi wa gesi kutoka dukani hadi ghorofa ya tatu.

Asubuhi yake nilimkuta uani na mizani yake ya zamani na gunia la mahindi. Amelipima: kilo 25 kamili, si gramu zaidi. Alinipa nusu kikombe cha uji, akasema nishuke nalo hadi mtoni na kurudi, naye atanisubiri. Sikujua kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Kushuka si tatizo, ingawa shingo ilianza kuuma kabla sijamaliza mashamba ya chai. Tatizo ni kupanda. Nilipumzika mara ya kwanza, ya pili, ya tano, halafu nikaacha kuhesabu. Mama mmoja aliyebeba majani chai mengi kuliko mimi alinipita akanisalimia vizuri tu. Nilipofika nyumbani magoti yalikuwa yanatetemeka na shati lote limelowa. Nilikuwa nimetembea saa mbili na nusu. Mpagazi wa mchezo wangu alitembea siku 24.

Babu akaniwekea ugali na saga, akasubiri nile. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Baba yake alikuwa na kaka mkubwa. Wakati wa vita vile, watu wa chifu walikuja kuchukua vijana wa kubeba mizigo, na yeye akachukuliwa. Hakurudi. Hakuna mtu aliyekuja kusema amefia wapi, wala kwa ugonjwa gani, wala hakuna pesa iliyoletwa. Mama yake alikataa saiga yake ibomolewe, ile nyumba ya kijana asiyeoa, mpaka ikaanguka yenyewe kwa mvua. Kwetu mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki. Jina langu la nyumbani, ambalo nimelitumia miaka yote hii bila kuuliza limetoka wapi, ni lake.

"Mimi nimeandika kilo za majani miaka 32," babu akasema. "Mkulima akileta kilo tatu, nimeandika tatu. Mtu mzima aliondoka hapa, na karatasi yake haijafika mpaka leo."

Baada ya hapo nilisoma zaidi kuliko nilivyokuwa nimesoma kwa ajili ya mchezo. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliwekwa chini ya kikosi kilichoitwa Carrier Corps, kikiongozwa na Oscar Watkins. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana nacho. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanyika mkusanyo mkubwa kuliko wote, wilaya baada ya wilaya, nchi nzima. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Rekodi za Waingereza zinataja vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanakaribia 100,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, kuna sanamu za vita hivyo, na mmoja wa wanaume wale wa shaba ni mpagazi. Nimepita hapo mara mia nikikimbilia matatu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Nikarudi kwenye programu yangu. Wapagazi walikuwa namba nzima moja tu. Zamu ikiwa mbaya, programu ilitoa 14 kwenye 2,400 na kuendelea. Namba ikipungua haiachi alama yoyote. Hakuna anayejua 14 wale walikuwa kina nani, kwa sababu hawakuwa mtu yeyote. Na lile suluhisho zuri la nusu posho lilitokana na kosa langu: nilikuwa nimeiambia programu mpagazi anakula kiasi gani, lakini sikuiambia kwamba asipokula anakufa. Kompyuta haikuwa katili. Ilijaza pengo nililoliacha mimi.

Basi nikabadilisha mambo matatu.

Kwanza, namba nikaifanya orodha. Kila mpagazi sasa ana kumbukumbu yake: alichukuliwa wapi, zamu gani, yuko njia gani. Programu imekuwa nzito, majaribio yaliyochukua sekunde sasa yanachukua dakika nyingi. Sawa.

Pili, posho ikikatwa, jedwali la magonjwa linaanza kufanya kazi, na linazidi kuwa baya kila zamu. Anayekufa anaandikwa kwenye daftari, kwa mkono, na mchezaji aliyetoa amri: namba ya mpagazi, alikotoka, pembesita alimofia. Mwanzoni nilitaka kila kifo kimpunguzie kamanda pointi za ushindi. Nilimweleza babu, akakataa. "Usiwape bei," akasema. "Waandike tu." Nilibishana naye kidogo kama mtu aliyesomea kompyuta, halafu nikafikiri: pointi ningeweza kuzifidia kwa kuteka mji mwingine, na tungerudi palepale. Daftari huwezi kulifidia. Linajaa tu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike leo, nimeitoa kanuni ya wapagazi kwenye hiari na kuiweka katika kanuni za msingi. Ukungu ni hiari. Nyuki ni hiari. Hata habari kuchelewa ukitaka iache. Wapagazi na wenyeji hawana kisanduku cha kuwaondoa.

Binamu yangu hajaipenda. Anasema mchezo umegeuka kuwa wa kuhesabu unga, na jioni moja aliandika majina ya mahali 31 kwenye daftari akachoka, akarudisha jeshi lake nyuma siku tano. Simlaumu, mchezo kweli umekuwa mrefu, na kuna siku mtu anataka kurusha dadu tu. Lakini nilimwonyesha kwamba alichofanya, kurudi nyuma kwa sababu gharama imemchosha, ndicho ambacho mchezo wangu wa zamani haukuweza kumfanya mtu akifanye.

Sisi tunaoandika programu hufanya uamuzi huu kila wiki bila kuuona. Tunaamua nini kiwe chaguo-msingi na nini kifichwe kwenye mipangilio, nani awe kete na nani awe namba. Mimi sikumsahau ndugu wa babu kwa ubaya. Nilimweka kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni, mahali ambapo nilijua watu hawafiki.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi Nairobi tulicheza mchezo mzima, mimi na binamu, babu akiwa mwamuzi. Hakuitaka simu. Alichukua daftari, akachora mistari kwa rula kama alivyokuwa akichora kituoni, safu ya namba, safu ya mahali, safu ya zamu. Kabla hatujarusha dadu hata moja aliandika mstari wa kwanza. Chini ya namba aliandika jina langu la nyumbani, chini ya mahali akaandika Magwagwa, safu ya tatu akaiacha wazi. Halafu akasema tuanze.

Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kuandika ile programu ya mwamuzi wa ukungu kwa mistari isiyozidi mia moja, ili hata wanaoanza Python waweze kuijaribu kwa ubao wa drafti na vizibo vya soda. Kama kwenu pia kuna mtu aliyeondoka wakati wa vita vile na karatasi yake haikufika, waulizeni wazee sasa. Tuonane.